Mtoto aliyenyamaza: siku niliyoacha kuamini kwamba vichanga hawasikii maumivu

Wakuu, habari za mapumziko.

Mimi ni nesi mstaafu, naandika polepole kwa simu ya mjukuu, herufi zikiruka mnivumilie. Haya yamenitokea mwenyewe na sijatia chumvi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, zahanati moja Mbulumbulu, juu kule Karatu. Mimi ni wa Machame, ndio kwanza nimetoka training, Kiiraqw sijui zaidi ya salamu.

Asubuhi za kule ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka unaingia dirishani. Ngano huioni, ng'ombe unasikia kengele tu. Hata leo nikiikumbuka siku ile naiona nyeupe, kama niliipitia nusu nimelala.

Akaja mama mmoja na mtoto wa siku nne. Kila mkono una kidole cha sita, kidogo, kinaning'inia pembeni. Kazi ya mkasi, dakika mbili.

Utaratibu wetu: mzazi anabaki nje kwenye benchi, nesi anashika, Daktari anakata. (Alikuwa mganga msaidizi, ila kijiji kizima kilimwita Daktari na yeye hakukataa.)

Ganzi ilikuwepo kabatini. Vichanga hatukuwapa, maana tulifundishwa hawasikii maumivu, mishipa haijakomaa, kulia ni kawaida yao. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata vema!

Nikashika mkono wa kulia. Mkasi ukapita.

Alilia. Kisha sauti ikakatika ghafla, akatulia tuli. Tukafunga bandeji.

Mama akaita kutoka nje, "Nesi, mbona kimya?"

"Amelala, mama."

Niliamini kabisa. Nikainama kumgeuza kwa ajili ya mkono wa pili, ndipo nikamtazama usoni.

Macho kayafinya. Paji lote mikunjo. Mdomo uko wazi, sauti hakuna. Vidole vya miguu kavitanua vyote.

Wakuu, hakuna mtu analala hivyo. Mtoto alikuwa bado analia, nguvu ya sauti ndiyo iliyokuwa imemwishia. Nikaona aibu ambayo sijui niieleze vipi.

"Daktari, huyu anaumia. Tumpe ganzi."

"Kipimo cha kichanga sikijui. Nikizidisha tunamzika. Shika mkono."

Hapo alisema kweli, simlaumu.

"Basi tumwite mama yake anyonyeshe."

"Aone damu azimie, nianze kuhudumia wawili?"

"Bila mama yake sishiki."

Mdomo ulisema kabla sijafikiri. Nilikuwa bado kwenye majaribio, barua moja tu kutoka kwake narudishwa Machame. Akauweka mkasi mezani, ukungu unapita dirishani nyuma yake.

"Mwite," akasema.

Mama akaketi, akafungua kanga, akamlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akampa ziwa. Akawa anamnong'oneza Kiiraqw sikioni, maneno marefu ya taratibu. Sikuelewa hata moja, ila mimi mwenyewe nikahisi kusinzia. Chumba kizima kilipoa. Tukasubiri mpaka mtoto akanyonya kwa nguvu.

Mkasi ukapita. Aliachia ziwa, akalia, akalirudia. Lile paji likakunjuka kidogo kidogo.

Siwadanganyi kwamba hakuumia. Aliumia, ila safari hii hakuwa peke yake.

Tangu siku hiyo Daktari akishika mkasi anauliza kwanza, "Mama yake yuko wapi?" Hakuwahi kuniambia kwamba nilikuwa sahihi, na mimi sikumdai.

Wakati wa kuondoka yule mama akanishika mkono.

"Ahsante, nesi. Afadhali mkono ule wa kwanza alilia kidogo tu, akalala zake."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nilichojifunza: kichanga akinyamaza, mtazame uso kwanza kabla hujasema ametulia. Na kama ni sindano au kidonda, omba ukae naye umnyonyeshe. Siku hizi wataalamu wenyewe wanakubali kwamba wanaumia, na dawa za kuwapunguzia zipo, ulizeni.

Manesi na wazazi, leteni yenu hapo chini. Kunitukana ruksa.

Na wewe mwenye kovu dogo pembeni ya kila kiganja, kama unapita humu: nilimdanganya mama yako. Ulilia sana, na aliyekushika ni mimi.