Kroton za Manjano Mbele ya Mlango wa Mama

Mama alisema kuku ndio waliomaliza maua niliyompandia mbele ya mlango. Nikahesabu kuku: watatu. Nikahesabu tena, maana kuku watatu hawali miche sita halafu wakasawazisha mashimo na kufagia juu yake.

Ndugu yangu wa Migori alikuwa amenipa kazi moja tu: niangalie kama macho ya Mama bado yanamtosha kuishi peke yake hapa Kendu Bay. Yasipomtosha, atamchukua akae naye kwenye nyumba ya kupanga, chumba cha nyuma, bila uwanja. Mama alijua. Kila nikifika ananitajia rangi ya nguo yangu kabla sijaulizwa hali, na mara nyingine anapatia.

Nikaenda tena Oyugis kwa mama anayeuza miche kando ya barabara. Ile ya kwanza niliichagua kwa macho yangu mwenyewe: majani ya zambarau iliyokolea, mazuri sana, lakini kwenye udongo wetu mweusi yanazama, hayaonekani. Safari hii nilitaka manjano. Akanionyesha kroton yenye majani ya madoadoa, nikamwambia hiyo ina surua. Akacheka, akasema anayetaka manjano matupu alipe bei ya manjano matupu. Tulivutana mpaka akachoka. Nikaondoka na sita, na ya saba ya kunifunga mdomo.

Nilizipanda mbele ya mlango, nikalala huko. Asubuhi nikaamshwa na fagio. Mama alikuwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, anafagia uwanja kama kawaida yake. Fagio likakwama kwenye kroton ya kwanza. Akaishika, akaing'oa kama gugu, akaitupa kwenye takataka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu aliishika, akasita. Akapapasa jani, na jingine. Kisha akaikandamizia udongo kwa kisigino, polepole.

"Mama," nikasema kutoka mlangoni, "hiyo ni rangi gani?"

Alinyoosha mgongo.

"Nyathina, mwanangu, si ni hiyo uliyochagua?"

Nilizitoa zile mbili kwenye takataka nikazipanda upya, kisha nikaanza kuzungushia kila mche mawe makubwa, ambayo fagio likiyagonga mkono utajua. Simu ikaita. Ndugu yangu hakusalimia; aliuliza tu, basi, anaona?

Nyuma yangu fagio lilikuwa limenyamaza.

"Ngoja nimalize mawe," nikamwambia.