Kikande Nilichokiita Bunju

Jamani, chekeni, ila polepole, maana aibu yenyewe bado mbichi. Ilikuwa sherehe ya kipaimara ya mdogo wake Neema, mchumba wangu, kwao Nkoaranga, na mjomba wao alikuwa ameleta samaki kutoka Tanga, wanaitwa kikande, wamechunwa ngozi na kukaangwa vizuri kabisa. Sasa mimi (mwalimu wa baiolojia, mdomo haukai) nikaona baba mkwe hajapata kunisikia nikisema la maana, nikatoa simu nisome kidogo ukoo wa huyo samaki, niwashangaze wageni.

Nilichokisoma kilinikausha mate. Kikande na bunju, kundi moja. Bunju! Yule ambaye sumu yake haina dawa, inaanzia midomoni kwa ganzi, halafu pumzi inakata. Nikajigusa midomo: ganzi. (Pilipili ya mama mkwe wala sikuikumbuka.) Nikatazama watoto wanalamba vidole, baba mkwe anaongeza kipande kingine, nikaruka kutoka kitini.

"Acheni kula! Ni sumu!"

Weee! Sahani zikaruka, kina mama wakaangua kilio na maombi, Neema akanishika, akaniuliza, "Tunakufa?" nami nikamjibu, "Sijui, mpenzi," kisha nikamkimbilia baba mkwe, mzee wa kanisa mzima, nikamwinamisha kwenye migomba na kumtia vidole kooni, akatapika mbele ya mchungaji, suti na yote.

Shangazi yao, nesi, ndiye aliyeninyang'anya simu. Akasoma, sisi tunasubiri kufa.

"Mwalimu, hapa wameandika oda moja, yaani lile kundi kubwa lenye familia nyingi ndani. Familia ni tofauti. Kikande wana familia yao ndogo, bunju wana yao. Mimi nimefanya kazi Tanga, kikande nimekula mpaka nimechoka, na nipo."

Oda na familia, jamani, mada ninayoifundisha mwenyewe!

Baba mkwe akajifuta mdomo taratibu.

"Pole sana, baba," nikasema. "Shikamoo." (Sijui kwa nini nilimwamkia tena.)

"Marahaba. Hao watoto unaowafundisha, huwa wanafaulu?"

Harusi bado ipo, namshukuru Mungu. Ila nimeapa: nikikaribishwa mezani kwa watu, naomba chumvi, nasema asante, nanyamaza.