Ramani ya Ukoo Niliyoifuta

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa sitamani. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Tabora, mjuaji kupita kiasi, nimeketi barazani kwa shangazi yangu Kalunde kule Igalula, kompyuta mapajani. Yeye peke yake ndiye aliyebaki akiujua ukoo wetu wote, tangu mababu waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani, wengine wakaacha watoto njiani. Vijana wakitaka kuoana, wazazi walimwendea kwanza yeye kuuliza kama si ndugu.

Alitaja majina, nami nikachora kwenye tovuti ya bure ya ramani za mawazo: jina moja katikati, matawi kila upande, kila tawi na rangi yake. Ilipendeza kweli.

“Na kwenye daftari umeandika?” akaniuliza.

“Shangazi, daftari ni mambo ya kizamani.”

“Haya, msomi. Nikifa usije kunisumbua kaburini.”

Tovuti ile ilimruhusu asiyelipa ramani tatu tu. Mwaka uliofuata nikawa katibu wa kamati ya harusi ya rafiki yangu, nikahitaji nafasi ya kupanga wapishi, ukumbi na magari. Nikapakua picha ya ile ramani ya ukoo, sikuifungua hata kuitazama, nikaifuta ramani yenyewe. Nilipokuja kuifungua, shangazi tulikwisha kumzika. Picha ilikuwa ndogo mno. Ukiikuza, majina yanageuka madoa.

Mwaka jana binti yangu Neema alileta mchumba kutoka Tura, kijana mwenye adabu zake. Jina la babu yake niliwahi kulisikia kwa shangazi, lakini la tawi gani, sijui. Wazee wa pande zote mbili wakanigeukia mimi, mwenye ramani. Nikawaonyesha yale madoa. Wakaogopa, wakauvunja uchumba.

“Baba, ni ndugu yangu au si ndugu yangu?” Neema aliniuliza akilia. Sijamjibu mpaka leo, na simu zangu hapokei. Naumia, mwanangu, na dawa sina.

Tovuti hizo zitumie, ni nzuri, na bure ni bure. Ila ukishapakua, fungua usome kila jina, uchapishe, nakala nyingine mpe nduguyo. Na daftari uwe nalo wakati mkubwa wako angali anasema. Usifute neno la mtu usiyeweza kumrudia.

Mungu akutunzie wazee wako na kumbukumbu zao, na mtoto wako asikuulize swali ulilolifuta jibu lake kwa mkono wako.