Chale Zilizoisubirisha Pampu

Wapendwa, nimeombwa nishuhudie kwa upole. Nitajaribu, lakini hasira ninayo.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne huko Suna, na kwa mbio wavulana walikuwa wananiogopa. Kisha nikashikwa na homa. Homa ikaisha, kikohozi kikabaki. Miguu ikavimba, tumbo likajaa kama ngoma. Nikilala chali nakosa pumzi, kwa hiyo nililala nimeketi, nimeegemea ukuta. Kliniki walinipa dawa ya malaria mara tatu. Mara tatu! Hakuna hata mmoja aliyenisikiliza kifua.

Waya, yaani dada ya baba, akasema, "Hii ni sihoho. Kuna mtu mwenye macho mabaya amemwangalia akikula." Akanipeleka Lambwe kwa mama mmoja anayetoa chakula kilichokwama tumboni. Yule mama akanichanja tumboni kwa wembe, akafyonza, akatema vipande vya nyama kwenye sahani. Mimi nilikuwa sijaonja nyama wiki mbili! Nililia, wakanishika mikono.

Chale zikatunga usaha. Siku nilipozimia, mama alinikimbiza hospitali ya Homa Bay. Daktari akanisikiliza kifua, akamwambia, "Mama, hii si sihoho. Moyo ya huyu mtoto imepanuka, haisukumi damu vizuri."

Matibabu yake hayakupatikana kwetu, tukapelekwa India. Huko, mtoto mwenye moyo uliochoka hivyo huwekewa pampu isukume damu, moyo upate kupumzika. Mirija yake hutokea tumboni. Daktari wa upasuaji akafunua shuka, akauona usaha. Mkalimani akatuambia, "Anasema hawezi kupitisha mirija hapa mpaka vidonda vikauke."

Nilisubiri siku tisa kwa dripu, midomo ya bluu, mama akitazama kifua changu kama bado kinapanda. Siku tisa kwa sababu ya wembe!

Pampu ilinibeba miezi mitano. Walikuwa wakiipunguza kidogo kidogo waone kama moyo utajitegemea. Mara mbili ulishindwa. Mara ya tatu ulipiga wenyewe, wakaitoa. Leo nina miaka kumi na tisa. Dawa bado nameza.

Namshukuru Mungu na madaktari wale. Wazazi, mtoto akivimba miguu na kukosa pumzi akilala, daini apimwe moyo, na msiondoke mpaka apimwe. Na nyinyi wa kliniki, sikilizeni vifua vya watoto!

Waya ameketi pale mbele. Kila Sabato huniuliza kama nimemsamehe. Waya, nakupenda, na kwako nakula. Lakini bado sijakusamehe. Niombee.