Siku niliyosema mashine iingie ndani kabisa

Hii ni aibu yangu mwenyewe, lakini inaanzia mbali, kwenye chumvi ya mama. Mama alikuwa anaificha ndani ya kitunga kidogo, nacho ndani ya kitunga kikubwa, na mimi mutoto nikitumwa naangalia kile kikubwa tu, narudi: "Chumvi haiko!" Anafunua cha ndani, chumvi hii hapa, kisha kofi. Kofi ile (moto wake nausikia mpaka leo) ndiyo iliniharibia uzee.

Zaina, mutoto wa dada yangu, anafanya kazi ya ordinateri, yaani kompyuta, hapa Kasongo. Anahifadhi humo hadithi za wazee: kila kijiji na ghala yake, ghala ndogo ndani ya ghala kubwa, na kila ghala inakumbuka hata maneno uliyofuta. Aliandika programu ya kutafuta neno humo mote, na kwao kazi haipiti mpaka mutu wa pili aikague. Wa pili alilala na malaria. Basi akanisomea mimi, mustari kwa mustari, kwa Kiswahili.

"Hapa, mjomba, ikikuta ghala ndani ya ghala, inasimama mlangoni. Niiache hivyo?"

"Iingie! Chumvi iko ndani."

"Itatoa hata yaliyofutwa."

Mimi niliyeishia darasa la pili nikatikisa kichwa kama mkaguzi. "Itoe."

Siku ya kuonyesha watu, ukumbi ulijaa. Nilimwalika shemeji Amisi, kaka ya bibi yangu wa ndoa, maana bibi alikasirika akarudi kwao Wamaza, na Amisi ndiye angesema arudi kwangu ama asirudi. Nikamkalisha mbele. Nikamwambia Zaina atafute "Wamaza", shemeji asikie kwao kunasifiwa.

Sifa zikatoka kwanza ukutani, maandishi makubwa, shemeji anatabasamu. Halafu ikatoka hadithi yangu ya zamani, ile niliyoomba Zaina aifute. Mwalimu mmoja nyuma akaisoma kwa sauti: "Kule Wamaza, shemeji aliponiona alisukuma sufuria ya nyama chini ya kitanda, akanipa sombe, majani ya muhogo matupu."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. "Mzee Amisi, na leo sufuria iko chini ya kitanda?"

Amisi hakucheka. Akanigeukia polepole.

"Sombe ile ulikula sahani mbili, shemeji. Mama yangu ndiye aliipika."

Hapo nikaelewa kwamba kuna vitunga ambavyo mutu anauliza kwanza kabla ya kufunua. Lakini nilikuwa nimekwisha kufunua.

"Natoka kidogo," nikasema, nikaacha kofia kwenye kiti ili waone nitarudi. Bibi iko Wamaza bado. Kofia nayo iko kule ukumbini.