Kiande Kilivyoondoka Nikifuata Pumzi

Hii aibu nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa Kiriaini nzima inaijua (na nusu ya Nyeri), heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwingine ikiwa imetiwa chumvi.

Mnajua hasira zangu. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Nyeri na nimeshafukuza wateja kwa sababu tu wameuliza bei mara ya pili, ndiyo maana Wambui, mchumba wangu, kabla ya sherehe yetu ya kimila kwao Kiriaini, aliniambia bila kucheka, "Ukipandisha hasira mbele ya baba yangu, sahau mimi." Niliogopa kweli. Nikaanza kumsikiliza mtawa mmoja wa Kibudha kwenye simu kila asubuhi kabla ya kufungua duka: fumba macho, fuata pumzi, hasira ije na ipite, usishikilie chochote. Ilinisaidia jamani, nikawa nataja bei hata mara ya tatu.

Siku yenyewe kondoo alichomwa vizuri, na kiande, yaani mguu wa mbele pamoja na bega, ambao bwana harusi asipoukata mbele ya wazee basi hajaoa, kikawekwa kwenye sinia mezani, kando ya hema. Nilikuwa nangoja tu kuitwa. Lakini kwanza mjomba wa Wambui akanisimamisha mbele ya baba mkwe, uso kwa uso, ili anitanie (ni kawaida yao kukupima), akaushika mkono wangu akaugeuzageuza.

"Mikono laini ati hivi! Huyu kisu atakishika kweli, ama tuite mamake amkatie?"

Hema zima likacheka. Nilihisi damu imepanda mpaka masikioni, nikamkumbuka Wambui, nikafanya uamuzi mdogo tu: nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikafuata pumzi.

Sasa, nyumbani kwa mzee wa kanisa kama baba mkwe, mtu akiinamisha kichwa hivyo nyama ikiwa mezani, mnadhani watu wataelewa nini? Mimi nilisikia viti vikisogezwa, kisha kimya kitamu ajabu, nikasema moyoni kumbe hii kitu inatuliza mpaka wajomba! Nikaongeza pumzi chache.

Nilipofumbua macho niliona mambo. Watu wote walikuwa wamesimama, vichwa chini, macho wamefumba, wakingoja nimalize maombi, na mbwa wa boma alikuwa juu ya meza, kiande changu mdomoni. Aliyemwona ni mimi peke yangu. Sauti ikanitoka ambayo sikuijua ni ya nani.

"Shenzi wewe! Takataka!"

"Amen!" hema zima likaitikia.

Baba mkwe alifumbua macho akaniangalia, na pale mbele yangu hakukuwa na mtu mwingine wa kuitwa shenzi. Sikuwa na nafasi ya kueleza. Mbwa aliruka akaingia kwenye shamba la majani chai, nami nyuma yake na suti ya kuazima, nikakishika kiande upande wa mfupa, tukavutana. Mtawa alisema usishikilie chochote. Mimi nilishikilia, mbwa naye akashikilia, na wageni wote wakajipanga ukingoni mwa shamba kututazama.

Nilirudi na mfupa na matope. Baba mkwe akauliza polepole, "Ulikuwa unaomba nini, kijana?"

"Sikuwa naomba, baba. Nilikuwa napumua tu."

"Unapumua." Akawageukia wazee. "Sisi wote tumesimama hapa, mpaka mama yangu na miguu yake mibaya, ati huyu anapumua!"

Wambui alikuwa amejifunika uso kwa leso, sikujua analia au anacheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Wazee wakaamua kwamba kiande hakijakatwa, kwa hiyo hakuna aliyeoa, nirudi na kondoo mwingine. Nikarudi Nyeri bila mke.

Mwezi uliofuata nilipofika tena, cucu wa Wambui, yule nyanya mwenye miguu mibaya, alikuwa ameweka kiti chake kando ya sinia, fimbo magotini. Mjomba akaanza tena habari ya mikono yangu. Cucu akanitazama.

"Haya, kijana, wewe pumua. Mimi nitachunga nyama."

Nilikata kiande macho yamenitoka, nikampa Wambui kipande chake, na naapa mbele yenu sitafumba macho tena penye nyama, hata kama ni askofu anayeomba.