Simu ya Majaribio Iliyoniua

Pale bandarini Mwanza wapo wapagazi ambao mpaka leo wakiniona wananiita Marehemu. "Marehemu, za leo?" "Marehemu, shika huku tunyanyue." Hawaniiti kwa ubaya, na mimi huitika, maana nikinyamaza ndiyo wanazidi, na isitoshe jina lenyewe nimelipata kihalali, mbele ya meli nzima ya abiria, kwa sababu ya simu ambayo wala haikuwa yangu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vimejaa mjini na kila mwenye mzani anajiita wakala. Mimi nilikuwa napima samaki pale mwaloni Kirumba, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kwenye genge la mama mmoja tuliyemwita Mama Rehema, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Simu za mkononi ndiyo kwanza zimeingia, nene kama tofali, na aliyekuwa nayo alisimama katikati ya njia akaongea kwa kelele ili na sisi tusiokuwa nayo tufaidi. Mama Rehema akaona bila simu wakala wenzake watamwacha. Akapata habari kwamba kuna kijana anaitwa Deo anauza simu iliyotumika, akaniita.

"Majura, wewe ni mtu wa taratibu. Nenda ukaikague. Fungua mfuniko wa betri, angalia kama kuna kutu, wengi wanaziangusha ziwani halafu wanazianika juani kama dagaa. Bonyeza namba zote. Halafu upige, usikie kwa masikio yako mtu anajibu. Ikisikika, nitakuja kulipa mwenyewe."

Nikasema ndiyo mama. Mimi kila kitu nilikuwa nasema ndiyo mama, kwa sababu sentensi ndefu zaidi ya hapo zilikuwa zinanitoa jasho. Na hapa lazima niwaeleze jambo moja, ili mjue kwa nini niliumia kiasi kile. Wakati huo nilikuwa nasubiri jibu. Wazee wangu kule kisiwani, kijiji chetu hakiko mbali na Nansio, walikuwa wamekwenda kwa Mzee Manyama kumposa binti yake, Tabitha, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia neno moja tu la maana katika maisha yangu, naye kwa huruma yake akalikubali. Mzee hakukataa. Alisema, "Kijana simchukii. Lakini hasemi. Akija hapa anaangalia vidole vyake vya miguu mpaka anaondoka. Mtu asiyesema, siku mwanangu akiugua ataita nani? Nipeni muda nifikiri." Kwa hiyo nilikuwa naishi kama mtu aliyebeba yai mdomoni, sitaki jina langu lifike kisiwani kwa jambo lolote la aibu.

Nikamkuta Deo mjini, kwenye kibanda cha fundi redio. Kijana mtanashati, miwani ya jua ndani ya kibanda chenye giza.

"Karibu, mwanangu! Hii kitu bomba, imetoka Nairobi, mwenyewe alikuwa mzungu."

Nikaikagua kama nilivyoagizwa. Nilifungua mfuniko, sikuona kutu. Nilinusa (sikuambiwa ninuse, lakini mtu wa samaki ana mazoea yake), haikunuka maji ya ziwa. Nilibonyeza namba zote, taa ikawaka kijani, nikavuta ile antena, nikairudisha, nikaivuta tena kwa sababu ilikuwa inafurahisha. Ikabaki kupiga.

"Mpigie mtu basi," Deo akasema.

Nani? Ndugu wote niliokuwa nao duniani, hakuna aliyekuwa na simu. Namba niliyoijua kichwani ilikuwa moja tu, ya duka la Mzee Jivan pale Nansio, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye baba yake na babu yake wote waliuza nguo hapohapo. Kila mtoto wa kijiji chetu aliyekwenda mjini, mama yake alimkaririsha namba hiyo mpaka aiweze kama sala. Na mama yangu aliongeza, "Usiipige bure. Ni namba ya shida." Mimi nikafikiri, si naijaribu tu? Itaita, mzee atasema haloo, nitasema mama asalimiwe, basi.

Ikaita. Mzee Jivan akasema haloo, karibu kabisa, kama yumo ndani ya sikio langu.

Ulimi ukaganda. Deo ananitikisa bega, "Ongea!" Mimi nahema tu. Mzee anasema, "Nani? Nani analia?" Nikajikaza nikasema, "Majura... wa Mwanza... mwambieni mama..." na hapo nikasahau nilitaka aambiwe nini, na betri ikazima.

"Betri ilikuwa chini tu, usiogope," Deo akasema, akaichomeka kwenye umeme wa fundi. Tulikaa mpaka ikapata nguvu. Mimi nikaanza kuona vibaya, nikamwambia turudie, tusije tukawatia watu hofu. Lakini namba ilipoanza kuita nikaona aibu ya mara ya kwanza inanirudia yote, nikampa Deo simu. Hilo ndilo kosa lenyewe, jamani. Mengine yote yalijipanga nyuma yake.

"Lete, mimi ndiye mzee wa maneno," akasema. "Haloo! Shikamoo mzee. Ni kuhusu Majura. Majura hajambo kabisa. Hana tatizo lolote. Mwambieni mama yake asiwe na wasiwasi, awe na moyo wa utulivu." Akasikiliza. "Mimi? Mimi ni rafiki yake tu, mzee, tupo naye hapa." Akafunika simu kwa kiganja. "Anauliza kama unaweza kuongea."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu.

"Hawezi kuongea, mzee."

Kisha Deo akairudisha simu mezani. "Mstaarabu sana yule. Amesema poleni sana."

"Pole ya nini?"

"Ya kazi, nadhani."

Nikaridhika! Nikarudi mwaloni kifua mbele, nikamwambia Mama Rehema simu ni nzima, ila betri yake ina uvivu. Nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa kwetu anakijua. Kwetu, miaka ile, msiba hautajwi kwenye simu. Mtu akifia mjini, mpigaji husema "anaumwa kidogo, njooni." Na akiwa mwungwana, mwenye kuwaonea huruma ndugu, anasema, "Hajambo kabisa, msiwe na wasiwasi." Ukisikia hivyo kutoka kwa sauti usiyoijua, unafunga mlango wa nyumba na kutafuta mkeka.

Kesho yake Mama Rehema akanituma bandarini nikapokee gunia lake la muhogo mkavu linalokuja na meli ya Nansio. Meli ilikuwa bado mbali tukaanza kusikia vilio. Wapagazi wakaacha mizaha yao. Na mimi, kwa heshima, nikavua kofia.

"Wamefiwa," nikamwambia mpagazi aliyekuwa karibu.

Meli ikafunga kamba, yule mpagazi akapanda, akarudi na habari. "Kijana wao, alikuwa kwenye kazi za samaki. Wanasema alikuwa mpole, hana maneno na mtu."

"Maskini," nikasema. (Niliumia kweli! Nilimwona kama mwenzangu.) Kwa huruma hiyo nikasogea kusaidia mizigo, nikapokea sufuria kubwa kutoka kwa mwanamke aliyejifunika khanga hadi usoni, nikamwambia, "Poleni sana, mama. Mungu amlaze pema."

Akafunua uso kunishukuru. Alikuwa shangazi yangu.

Ukelele alioutoa shangazi sijausikia tena popote. Alirudi nyuma, akamkalia muuza maandazi, maandazi yakaenda majini, muuza maandazi naye akapiga kelele zake, waliokuwa wanashuka wakataka kupanda na waliokuwa juu wakataka kuruka. Kwaya ya kanisa letu ilikuwa imekuja nzima, na sare zao, na niliwaona waimba besi wawili wamejificha nyuma ya mwimbaji mdogo wa sauti ya kwanza. Mpagazi mmoja jasiri akanigusa shavu kwa kidole, akawatangazia wenzake, "Ana joto!"

Ningekimbia, na miguu ilikuwa imeshageuka. Ndipo nikamwona Mama. Alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye saruji, kiatu kimoja mguuni, ananitazama bila kupepesa, hathubutu hata kulia. Na nyuma yake amesimama Mzee Manyama, kwapani ana bunda la kitambaa cheupe. Sanda. Baba wa Tabitha alikuwa ameninunulia sanda.

"Kama wewe ni Majura," akasema, na sauti yake yeye mwenyewe haikuwa imara, "sema!"

Bandari nzima ikanyamaza kunisikiliza. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Halafu nikamwangalia Mama, na sijui kilichofunguka ni nini, lakini nikasikia mtu anapiga kelele, na mtu huyo ni mimi.

"Shikamoo mama! Mimi ni mzima! Sijafa, sijaumwa, hata mafua sina! Nilikuwa nakagua simu ya Mama Rehema, nikapiga dukani, nikaona haya kuongea, nikampa Deo, Deo ana maneno mengi, akasema siwezi kuongea, lakini naweza, si mnanisikia naongea! Nisameheni wote, na shangazi, na kwaya, na wewe baba wa maandazi nitakulipa! Na Mzee Manyama, shikamoo, nampenda Tabitha, nikiwa hai!"

Sijui hilo la mwisho lilitoka wapi. Kicheko kikaanzia kwa wapagazi kikapanda mpaka kwenye meli, nahodha akatoa kichwa dirishani. Mama akainuka, akanipiga kofi, akanikumbatia, akanipiga tena, akanikumbatia. Shangazi alikataa kunishika mkono mpaka nilipokunywa maji mbele yake akaona yameingia.

Meli ya kurudi ilikuwa ya siku ya pili, kwa hiyo waombolezaji wangu wote walihamia uani kwa Mama Rehema. Yeye alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaamuru sangara wakaangwe. Mchele wa matanga yangu niliula mwenyewe, na nitasema ukweli, ulikuwa mzuri. Kwaya ikaona si vizuri kurudi bila kuimba, ikaimba za Krismasi. Deo alipokuja kuuliza biashara yake imefikia wapi, Mama Rehema akamwambia simu yenye mkosi namna hiyo akamuuzie mganga. Akaondoka na sahani ya samaki.

Asubuhi nikawasindikiza bandarini. Mzee Manyama alikuwa hajanisemesha neno usiku kucha, na mimi nilishajihesabu nimekosa mke. Akapanda ngazi ya meli, akafika katikati, akageuka.

"Jana umesema mengi kuliko miaka yote niliyokujua," akasema. "Na mengi yalikuwa ya kipumbavu. Lakini nimekusikia. Mwezi ujao njoo na wazee wako."

"Ndiyo, mzee! Nitakuja! Nitawajulisha siku..."

"Uje mwenyewe," akasema, akinyoosha kidole. "Usipige simu!"

Nilikwenda mwenyewe, nikasema mwenyewe, kwa kigugumizi lakini mpaka mwisho. Na nimejiwekea nadhiri kwamba hakuna mdomo wa mtu mwingine utakaosema mimi sijambo. Nikipiga simu nyumbani, kabla hata ya salamu, nacheka kwanza kwa sauti, maana sijawahi kusikia msiba ulioanza hivyo.